Hukumu iliyowaita Wamaasai taifa ili iwanyime haki: kesi ya Ole Njogo, 1913

Agosti 1904, wazee wa Kimaasai walisomewa waraka ulioandikwa kwa Kiingereza. Maneno yake yalipitia Kiswahili kwanza, ndipo yakafika kwenye Kimaasai. Sisi wenye lugha hii tunapenda kujisifu kwamba Kiswahili kiliunganisha watu wa pwani na bara. Siku ile kilitumika kama ungo: cha Kamishna wa Kiingereza, Sir Donald Stewart, kikamwagwa juu, na wazee wakapokea kilichopita chini. Kisha wakaweka alama zao.

Waraka ulisema wazee hao, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni heri kuhamisha watu na mifugo yao mbali na njia ya reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Waliitoa Bonde la Ufa, pamoja na malisho ya Naivasha na Nakuru. Wao wakapewa maeneo mawili, moja kusini mwa reli na jingine kaskazini, Laikipia. Kulikuwa na masharti yaliyowafaa pia. Njia ya kuunganisha maeneo hayo mawili ingeachwa wazi, ikiwa na maji ya kunyweshea. Kwenye miteremko ya Kinangop wangebaki na maili tano za mraba za kufanyia sherehe za tohara, na mahali penyewe pangeonyeshwa na wazee wawili waliotajwa kwa majina, mmoja wao Legalishu. Sharti kubwa kuliko yote lilihusu muda: makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila.

Yalidumu chini ya miaka 7.

Kisa ninachokichambua hapa ni kile kilichofuata, pale Wamaasai wa Laikipia walipoambiwa wahame mara ya pili, nao wakatafuta wakili. Katika historia ya ukombozi ya Kenya tunasimulia zaidi habari za msituni na za mikuki. Kesi hii husahaulika kwa sababu ilishindwa, na ilishindwa kwa hoja ya kisheria ambayo haisimuliki vizuri jioni. Nadhani hoja hiyo yenyewe ndiyo sehemu yenye mafunzo zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza, hali waliyokuwa nayo

Mwenye kuuliza kwa nini kabila lililoogopwa na misafara yote ya biashara lilikubali kuhamishwa bila vita arudi nyuma hadi miaka ya 1880 na 1890. Homa ya mapafu ilipita kwenye ng'ombe, ikafuatwa na sotoka, na watu wenyewe wakapigwa na ndui. Juu ya hayo kulikuwa na vita vya wao kwa wao. Mbatian, laibon mkuu (kiongozi wao wa ibada), alipofariki karibu mwaka 1890, wanawe Lenana na Sendeyo waligombania nafasi yake, na kila mmoja akawa na watu wake. Waingereza walipofika na reli yao iliyoanza Mombasa mwaka 1896, walimkuta Lenana akitafuta rafiki mwenye nguvu. Naye akawafaa. Morani wa Kimaasai walikwenda pamoja na askari wa Kiingereza kwenye misafara ya kuwaadhibu majirani, na malipo yao yakawa ng'ombe waliotekwa.

Kwa hiyo waliiona bunduki ikifanya kazi, tena wakiwa upande wake. Mwaka 1905 waliona pia yaliyowapata Wanandi. Kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mkutano wa amani mwezi Oktoba, akapigwa risasi na ofisa Richard Meinertzhagen palepale. Mtu aliyeshuhudia mambo kama hayo hahitaji kuhubiriwa kuhusu gharama ya vita.

Viongozi wawili, aina mbili za mamlaka

Hapa ndipo Waingereza walipocheza karata yao. Walimtambua Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Cheo hicho Wamaasai hawakuwa nacho. Laibon ni mtu wa ibada, wa kutabiri na kubariki, na wanaomheshimu sana ndio pia wanaomwogopa. Hawaongozi watu kwa amri. Mambo ya vita, malisho na mashauri ya rika yalikuwa mikononi mwa olaiguenani, msemaji anayechaguliwa na rika lake tangu ujana na kubaki nalo hadi uzeeni. Legalishu, ambaye jina lake huandikwa pia Ole Gilisho, alikuwa olaiguenani wa watu wa kaskazini. Hakuteuliwa na ofisi yoyote, na ofisi isingeweza kumfuta kazi.

Tofauti hiyo haikuwa ya majina tu. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya wote, na ikamtengeneza. Kila mkataba uliofuata ulisimama juu ya mtu huyo.

Kufikia 1908 hivi walowezi walishaanza kuitamani Laikipia. Nyasi zake ni nzuri na mito yake haikauki ovyo, na sababu zilezile zilizowafanya Wamaasai waipende ziliwafanya walowezi waitake. Gavana Sir Percy Girouard, mhandisi wa reli kwa taaluma, aliona pia ni rahisi zaidi kutawala kabila lililo mahali pamoja kuliko lililogawanyika mara mbili. Mwaka 1910 alianza kulisukuma jambo hilo. Legalishu alikataa. London nayo ikasita na kuusimamisha uhamisho kwa muda, kwa kuwa mkataba wa 1904 ulikuwa bado na umri mdogo mno wa kuvunjwa hadharani.

Machi 1911 Lenana akafariki. Ikatolewa habari kwamba maneno yake ya mwisho, akiwa anakata roho, yalikuwa kuwataka watu wa kaskazini wahamie kusini wakaungane na ndugu zao. Sijawahi kuona wosia uliowahi kwa wakati kuliko huo. Haukupita hata mwezi, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba wa pili ukawekwa alama. Aliyetangulia ni Segi, mwana wa Lenana, kijana aliyerithi cheo ambacho baba yake alipewa na Waingereza. Alama ya Legalishu nayo imo.

Alama hiyo ndiyo inayowasumbua wanaotaka shujaa asiye na doa. Aliyekataa mwaka 1910 alikubali mwaka 1911. Wasimuliaji wanaomtetea husema alitishwa, na mazingira yanawaunga mkono. Lakini kwangu swali lenye uzito ni alichofanya baadaye. Alama alishaweka, na bado hakuichukulia kama neno la mwisho: ndiye aliyewaongoza watu wake kutafuta wakili.

Uhamisho wa kwanza ulianza katikati ya 1911, ukaharibika njiani. Makundi ya mifugo yalikwamana kwenye miinuko ya Mau, baridi na mvua zikawapata, wanyama wakafa, na serikali ikalazimika kuusimamisha. Wengi wakarudi Laikipia. Mwaka uliofuata wakaamriwa tena kuondoka. Safari hii Wamaasai walikuwa na mwanasheria, Mzungu aliyeitwa Alexander Morrison.

Haikuwa rahisi kumpata. Utajiri wao ulikuwa kwenye zizi, naye wakili hulipwa fedha. Kulikuwa na Wazungu wachache waliowaonea uchungu. Mmoja wao alikuwa Norman Leys, daktari wa serikali, aliyepeleka habari kwa wabunge wa Uingereza hadi maswali yakaulizwa bungeni. Malipo yake yakawa uhamisho wa kwenda Nyasaland (Malawi ya leo). Girouard naye alijiuzulu mwaka 1912, baada ya London kubaini kwamba ahadi za ardhi ya Laikipia zilitolewa kwa walowezi mapema kuliko alivyokuwa akikiri.

Madai yenyewe

Kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu ya Himaya ya Afrika Mashariki kwa jina la Ole Njogo na wenzake saba. Wadaiwa walikuwa Mwanasheria Mkuu na wengine 20, wakiwemo Wamaasai walioweka alama kwenye mkataba wa 1911. Hilo la mwisho ni jambo la akili. Aliyeandika hati hakuishitaki serikali peke yake. Aliwaita mahakamani na wale waliodaiwa kusema kwa niaba ya wote, ili waulizwe ni nani aliyewapa idhini.

Hoja zao ukizipunguza zilikuwa hivi. Mkataba wa 1904 uliwapa haki ya Laikipia, na haki hiyo ilikuwa ya watu wote, pamoja na watoto ambao hawakuwa na umri wa kukubali chochote. Mkataba wa 1911 uliwekwa alama na watu wasio na mamlaka ya kuitoa haki hiyo. Basi hauwafungi. Waliomba mahakama itamke hivyo, na waliomba fidia kwa mifugo iliyopotea wakati wa kuhamishwa.

Ona jinsi hoja hii ilivyojengwa. Haikuuliza kama ukoloni ni halali. Haikudai Naivasha wala Nakuru. Ilichukua karatasi ya mtawala mwenyewe na kumwambia: soma ulichoandika. Kwa walio dhaifu hiyo ndiyo njia yenye nafasi zaidi mbele ya hakimu, na ndiyo iliyomtia jaji kwenye kona, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi hiyo Wamaasai walikuwa na haki.

Mlango ulipofungiwa

Serikali haikujaribu kuthibitisha kwamba mkataba wa pili ulipatikana kwa hiari. Ilileta pingamizi la awali, ikisema mahakama hii haina uwezo wa kusikiliza jambo hili kabisa.

Hoja yao ilipita njia ndefu. Afrika Mashariki wakati ule ilikuwa himaya, nchi iliyo chini ya ulinzi wa Mfalme, na bado haikuwa koloni. Wakazi wake hawakuwa raia wa Mfalme. Walikuwa wageni wanaolindwa. Wamaasai basi ni taifa la kigeni, na lina masalio ya mamlaka yake lenyewe, japo kidogo. Taifa likikubaliana na Mfalme, makubaliano hayo si mkataba wa kawaida kama wa mtu na mtu. Ni mkataba wa kimataifa, kama ule wa Uingereza na Ufaransa. Mkataba wa namna hiyo ukivunjwa, hauendi kwa hakimu. Ni kitendo cha dola, na kitendo cha dola hujibiwa kwa diplomasia au kwa vita.

Mahakama Kuu ikakubali. Wamaasai wakakata rufaa, na mwishoni mwa 1913 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki nayo ikakubali. Majaji waliegemea kesi za India ya karne ya 19, ambako Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilinyakua milki za wafalme wa huko na mahakama zikajitoa. Waliegemea pia kesi ya Sekgome ya 1910, ya kiongozi kutoka Bechuanaland (Botswana ya leo) aliyewekwa kizuizini bila mashitaka na kuambiwa kwamba aliyemo ndani ya himaya hana kimbilio dhidi ya Mfalme. Maswali ya idhini na hiari, na lile la lugha tatu mezani, hayakufika kwenye ushahidi.

Hebu tulitazame hili polepole. Kwa miaka mingi maofisa walikuwa wamewaelezea Wamaasai kama watu wasio na serikali wala sheria inayotambulika, na maelezo hayo ndiyo yaliyohalalisha kuwaamulia mambo. Siku moja, ndani ya chumba kimoja, wakapandishwa cheo wakawa taifa lenye mamlaka. Cheo hicho hakikuwapa jeshi wala balozi. Kiliwapa kitu kimoja tu, kukosa mahali pa kushitaki. Ni rahisi kusema kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Lakini methali hiyo inamaliza mazungumzo mapema mno, maana hapa ngedere hakupindisha sheria. Aliifuata. Majaji hawa walinukuu vizuri na walifikiri kwa mpangilio, na mmoja wao hata hakuficha kwamba mamlaka ya Wamaasai yalibaki masalio tu. Sheria yenyewe ilikuwa na chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo.

Wakati hukumu ya rufaa inasomwa, Laikipia ilikuwa imekwisha kuhamwa. Watu wapatao 10,000 na ng'ombe kati ya 175,000 na 200,000, pamoja na kondoo wengi zaidi, walikuwa wameshasukumwa kwenda kusini. Huko walikutana na ndigana kali na mbung'o kwenye sehemu ambazo mifugo yao haikuzoea. Ngazi moja ilibaki, baraza la rufaa la Mfalme kule London. Hawakuifikia, kwa kuwa fedha haikuwepo.

Mlango wa pili

Kama habari ingeishia hapo, mtu angeweza kusema shida ilikuwa hadhi ya himaya, na kwamba wangekuwa raia wa Mfalme wangesikilizwa. Bahati mbaya jaribio hilo lilifanyika. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ilihesabu ardhi inayokaliwa na Waafrika kuwa ya Taji, yaani ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1920 himaya ikatangazwa Koloni la Kenya. Sasa Mwafrika hakuwa mgeni tena. Mwaka uliofuata Wakikuyu wawili, Isaka Wainaina na Murito, walifika mahakamani wakigombania shamba, na Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba wote wawili hawana miliki. Kwa sheria ya 1915 na tangazo la 1920, haki zao za kimila zimekwisha, nao ni wapangaji wa Taji kwa hisani, wanaoweza kuondolewa Taji likitaka.

Ziweke hukumu hizi mbili pamoja, maana kila moja peke yake inaonekana kama ajali. Mwaka 1913 mwenyeji aliambiwa hana kesi kwa sababu ni mgeni kwa Mfalme. Mwaka 1921 akaambiwa hana ardhi kwa sababu amekuwa wa Mfalme. Hapakuwa na mwaka hata mmoja katikati ambapo alisimama mahali sheria ingemwona.

Kuna kiungo kingine cha watu. Mmoja wa majaji wa rufaa ya 1913 alikuwa Morris Carter. Mwaka 1932 Carter huyohuyo aliteuliwa kuongoza tume ya kuchunguza malalamiko ya ardhi nchini Kenya, na Wamaasai wakapeleka yao. Tume ilitoa ripoti mwaka 1934. Laikipia haikurudi.

Je, walipoteza muda?

Wapo wanaosema mahakama ilikuwa upotevu wa nguvu, na kwamba huo huo mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akiwaamsha Wagiriama kwa kiapo na ngoma, bila wakili. Siwezi kuzishindanisha njia hizo mbili. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu hadi pwani, na Wagiriama wakapigana mwaka 1914. Serikali iliyomkabili haikuhitaji kutoa sababu. Iliyomkabili Legalishu ililazimishwa kuziandika. Ndiyo maana leo tunajua ilikuwa inafikiri nini, kwa maneno yake yenyewe, na wanafunzi wa sheria bado wanaisoma hukumu hiyo wanapofika kwenye somo la kitendo cha dola.

Nikubali upungufu wa njia ya Legalishu: ilichukua muda, na muda ulikuwa upande wa serikali. Kila mwezi wa kusubiri hukumu ulikuwa mwezi wa kuswaga ng'ombe. Kesi ya ardhi isiyo na zuio madhubuti ni kesi ya kuomba kurudishwa mahali ambapo tayari pana nyumba ya mtu mwingine. Yeyote aliyewahi kushughulikia mgogoro wa shamba anajua hilo.

Suala hilo lilirudi kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1962. Wajumbe wa Kimaasai waliikumbusha Uingereza mikataba yake ya 1904 na 1911, na Uingereza haikukubali kuwa na deni. Likarudi tena Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100. Wamaasai waliandamana Nairobi, na wafugaji wa Laikipia wakaingiza mifugo kwenye mashamba makubwa, wakisema hati za miaka 99 zimekwisha. Polisi walitumwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali ilijibu kwamba hati zile si za miaka 99. Ni za miaka 999.

Wote wawili walikuwa na chanzo cha wanachosema. Sheria ya 1902 ilitoa hati za miaka 99. Ile ya 1915, iliyoandikwa baada ya Laikipia kuachwa wazi, ndiyo iliyoongeza tarakimu moja. Katiba ya 2010 imezirudisha hati za wasio raia kwenye miaka 99, na hesabu inaanza upya kuanzia 2010. Katiba hiyohiyo imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria.

Mwaka 2017 Waogiek wa msitu wa Mau, majirani wa Wamaasai, waliishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama ilikubali kwamba wao ni watu wa asili wenye haki ya ardhi ya mababu, na ikausikiliza ushahidi wao hadi mwisho. Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati. Mahakama hiyo iko Arusha.